Watawa wa Mjini Wanakula Kimya

Nansio,
14 Machi 1994

Mwanangu mpenzi Modesta,

Hujambo mama? Kifua chako kimepona? Sisi huku ni wazima, ila kaka yako Revocatus alichomwa na mwiba wa sato, kidole kikavimba kama ndizi, sasa kinapungua. Mihogo imekubali mwaka huu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, yale ya kisomo cha watu wazima bado ninayo, kwa hiyo usicheke, soma polepole.

Barua yako Bimdogo wa dagaa ameileta. Nimeisoma mara tatu, halafu nikampa Revocatus anisomee nikidhani nimekosea. Unasema umeacha chumba chako, umehamia na wanawake watatu kwenye nyumba ya kupanga huko Mabatini, na ninyi ndio watawa. Modesta! Watawa wa nyumba ya kupanga? Masista ninaowajua mimi wana ukuta, wana geti, wana ng'ombe wa maziwa na mzee wa kulinda. Wewe unasema unasali asubuhi, unakwenda kwenye cherehani yako sokoni kama siku zote, unarudi kusali. Sasa utawa uko wapi hapo? Na mwenye nyumba akiwafukuza, Mungu naye mtamhamisha pamoja na magodoro?

Sikatai. Marehemu baba yako alitaka mmoja wenu awe wa Kanisa. Ila mimi binti ninaye mmoja. Nikikutoa, nijue nakutoa kwa nani. Askofu anawajua? Mkubwa wenu ni nani? Mnakula nini? Na jambo lingine, ukishaitwa Sista, mimi ndiye nitakuamkia shikamoo, au vipi? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Ni mimi mama yako mzazi,
Paskazia

*

Mwanza,
Jumapili ya Pasaka, 3 Aprili 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeona? Hiyo ni yako mpaka nife, hata nikiitwa Sista. Kifua kimepona kabisa. Mpe pole Revocatus, mwambie wenzake huwa wanavua samaki, siyo samaki kuwavua wao.

Sasa najibu. Askofu anatujua, ametuambia tujaribu, kisha tumletee kanuni ya maisha yetu ikiwa imeandikwa. Mkubwa wetu ni Sista Bernadeta, Mhaya. Alikaa monasteri ya porini miaka kumi na tisa, ndipo akaomba kuja mjini. Anasema zamani aliyemtafuta Mungu alikwenda nyikani, na siku hizi nyika iko hapa Mwanza. Na ni kweli, mama. Mji unajaa kila siku: watu wa viwanda vya samaki, watu wa mitumba, watu waliopunguzwa kazini hata hawajui waende wapi asubuhi. Walikuwa wakipita kwenye kanisa dogo la karibu na soko, wanakuta mlango umefungwa. Sisi tunaufungua alfajiri, mchana na jioni, tunaimba zaburi, anayetaka anaingia. Muda uliobaki tunafanya kazi kama wao. Mimi siku hizi sishoni sana nguo mpya, napunguza mashati ya mitumba. Wazungu ni wanene, mama.

Tunakula ugali na dagaa za huyo huyo Bimdogo.

Njoo uone mwenyewe ukishavuna.

Mwanao,
Modesta

*

Mwanza,
9 Agosti 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Ulifika salama? Miguu haikuvimba kwenye meli?

Juzi tulipotoka sala ya asubuhi tulikuta mkeka wako umekunjwa na wewe hupo. Nilikimbia mpaka bandarini, wakaniambia yule mama wa kitenge cha bluu amepanda meli ya kwanza. Mama, ulikuja na jogoo, na unga, na kapu zima la machungwa. Ulisema utakaa wiki. Umelala siku moja.

Nimefikiri sana. Ni ile meza ya jioni? Toka sala ya jioni mpaka asubuhi sisi hatusemi. Mmoja anasoma kitabu, wengine wanakula. Ulipouliza kama ugali umeiva, hakuna aliyekujibu, tukatabasamu tu. Uliuliza kwenye barua tunakula nini, mimi sikukuambia tunakulaje. Kosa ni langu, siyo la wenzangu. Nilizoea, nikasahau kwamba wewe hujui.

Nijibu, hata mistari miwili.

Mwanao,
Modesta

*

Mwanza,
11 Desemba 1994

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe na Revocatus ni wazima. Hii ni barua ya nne bila jibu. Bimdogo anasema anakukabidhi mkononi.

Sasa tumefika sita. Wametujia Tereza, muuguzi, na Kija wa Magu, mcheshi sana, ungempenda. Kanisa la sokoni mchana halina nafasi ya kukaa.

Tumepangiwa nadhiri za kwanza, Pentekoste, tarehe nne Juni. Siku hiyo mzazi anamshika binti yake mkono, anampeleka mpaka mbele, anasema kwa sauti kwamba anamtoa. Sikufichi, mama: nadhiri nitaweka. Lakini usipokuja, nitapita katikati ya watu wote wale peke yangu. Wala sitamwomba mtu mwingine anishike mkono.

Modesta wako

*

Nansio,
6 Februari 1995

Mwanangu Modesta,

Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili. Revocatus amepata mchumba, nitakueleza siku nyingine.

Umeandika sana nami nimenyamaza sana. Kalamu nilikuwa naishika naiacha. Kuna jambo sijawahi kukuambia, ulikuwa na miaka mitatu.

Baba yako alipofariki, baada ya matanga ndugu zake walikaa na mimi kula. Siku tatu. Chakula wananipa, nyama wananipa, ila hakuna aliyenisemesha neno. Naomba chumvi, mtu anaisogeza, anatazama pembeni. Wengine wanatabasamu. Kule ukweni, anayeliwa naye kimya ni yule wanayesema amemroga marehemu. Hawakutukani, hawakupigi, wanakula na wewe kimya mpaka uelewe mwenyewe. Siku ya nne nilikubeba mgongoni, nikamshika Revocatus mkono, nikaja Nansio. Ndiyo maana hamna shamba kwa baba yenu. Ndiyo maana mlikuwa mkiniuliza nami nawaambia huko kuna mbu.

Sasa nije kwako, mwanangu wa kuzaa, niweke kapu langu chini, wanawake wanne wale nami kimya na kutabasamu! Nilijisemea: kumbe habari zile zimevuka ziwa, wamemwambia mwanangu, naye ameamini.

Barua yako ya Agosti niliisoma. Kichwa kilielewa. Tumbo ndilo lilikataa.

Bimdogo jana amenigombeza mbele ya watu. "Wewe Paskazia, mimi Mwislamu kila mchana nikiwa Mwanza naingia kwenye kanisa lao nakaa nyuma, sokoni pote ndipo pekee hakuna anayenipigia kelele, naondoka nimepona kichwa. Wewe mama mzazi unakimbia!" Nikamwambia wewe hakuna aliyekula nawe kimya, hujui. Akasema, "Basi mwambie mtoto, siyo kuninunia mimi." Ndiyo nakuambia.

Juu ya Pentekoste sina neno bado. Usinisukume.

Mama yako,
Paskazia

*

Mwanza,
2 Machi 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Barua yako niliisomea kwenye cherehani, mwenye duka akadhani nimefiwa. Sijawahi kusikia neno hilo kwa mtu yeyote, mama. Na ningelisikia nisingeliamini hata nusu.

Nimefanya jambo bila ruhusa yako, unisamehe. Nilimwonyesha Sista Bernadeta, naye akaomba niwasomee wote. Halafu Sista akaleta lile daftari la kanuni tunayomwandalia Askofu. Pale penye kimya cha jioni alipiga mstari, akaandika upya: "Mgeni akikaa mezani petu, tunazungumza naye mpaka ashibe na maneno. Kimya kitasubiri." Kija akasema, "Basi tuombe mgeni kila siku." Tukacheka wote, na Sista pia.

Mama, kanuni hiyo wataishika hata watakaokuja sisi tukishakufa. Hawatajua imetoka kwako.

Sikusukumi.

Mwanao,
Modesta

*

Nansio,
24 Mei 1995

Wanangu wote wa nyumba ya Mabatini, na wewe Modesta,

Hamjambo? Sista Bernadeta hujambo? Hapa tu wazima, mvua imezidi kidogo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa najaribu. Baada ya barua ile nilimwambia Revocatus, jioni hii tunakula bila kusema. Akaniuliza nimekasirika nini. Nikamwambia kula. Siku ya kwanza niliona nyuso za ukweni zote, nikaacha sahani. Siku ya pili hivyo hivyo. Revocatus akasema mama tuache, nikamwambia nyamaza. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi, nilikuwa natoa miiba kwenye samaki, nikamwona baba yenu. Siyo yule wa kwenye jeneza, huyo ndiye nimekaa naye miaka yote hii. Nilimwona yule wa zamani, anayecheka mdomo umejaa chakula. Nilikuwa nimemsahau. Nikala nikamaliza, nikaongeza.

Nitakuja. Padri atauliza nani anamtoa binti huyu, nami nitajibu kwa sauti, wa nyuma kabisa wasikie: ni mimi Paskazia, namtoa kwa moyo wangu, hakuna aliyenilazimisha. Halafu mkono nitauachia, msinicheke nikichelewa kuuachia.

Ile kanuni ya mgeni ni nzuri. Sista asiifute, iacheni kwa ajili ya wengine, huwezi kujua huko kwao watu walikula naye vipi.

Ila mimi siji kama mgeni. Jioni hiyo mniwekee sahani katikati yenu, mtu asome kitabu chake, na asinisemeshe yeyote mpaka asubuhi.

Nafika Ijumaa ya kabla ya Pentekoste, kwa meli. Njooni wawili kunipokea, nina mizigo.

Ni mimi mama yenu,
Paskazia