Keki za Bi Helga

Ujerumani, mwezi wa nne

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Usiseme ni mizima kwa sababu tu nimeuliza. Dada Edina aniandikie yeye, kwa mkono wake, zile dawa za hospitali ya Vwawa unazimeza au unazipanga tu kabatini. Nakufahamu. Mahindi yamesimama? Na kahawa, imebeba? Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vilivyopasuka kwa baridi, na hivyo navyo vimeanza kufunga.

Nimetumia karatasi makusudi. Simu yenu mnaiweka spika, nikitamka neno asubuhi, jioni Igamba nzima inalo. Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa Mbeya anayekwenda likizo. Nimeifunga kwa gundi na juu ya gundi nimepiga sahihi yangu. Ukikuta sahihi imekatika, kuna mtu kasoma.

Mara ya mwisho uliniambia, "Kila ukipiga ni kulalamika. Huko hakuna hata kimoja cha kumshukuru Mungu?" Liliniuma, Mama, kwa sababu ni kweli. Sasa ngoja nikueleze yaliyonipata tangu theluji mpaka leo, uone mwanao alivyo mjinga.

Unajua nimepanga chumba cha juu kwa Bi Helga, mjane wa umri wako. Unajua pia kwamba kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kinaisha mwezi huu. Ili kiongezwe, mwenye nyumba anatakiwa atie sahihi fomu kwamba ni kweli nakaa kwake. Bila sahihi yake masomo yangu ya uuguzi yanakatika katikati na mimi nafungasha. Nilimpa fomu mwezi wa kwanza. Akasema, "Sawa, sawa," akaiweka juu ya friji. Mtu akiniambia sawa mara mbili, mimi naanza kumwangalia vizuri.

Mwezi wa pili akaniita. Mbele ya dirisha la jikoni kwake kulikuwa na mti mnene, wa kijani hata wakati wa theluji, aliopanda marehemu mumewe. Bega lilikuwa linamsumbua, akaniomba niupunguze kidogo. Nikaufunua kwa mkono: nje kijani, ndani vijiti vikavu vitupu, kama kahawa iliyotelekezwa. Nikasema moyoni, huu haupunguzwi, huu ni wa kukata kisiki. Nikakumbuka alivyotufundisha Baba: mti uliochoka usiuonee huruma, shusha msumeno usawa wa goti, kata mshazari ili maji yasikae, na mvua zikija utachipua upya. Basi nikavua koti, lile la Tunduma ambalo muuzaji aliniapia kuwa ni la theluji, mwongo mkubwa yule, nikashusha mti wote. Usawa wa goti. Mshazari safi kabisa. Nikasimama hapo najisifu.

Bi Helga akatoka. Akautazama. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakaanza kumtetemeka, akarudi ndani akafunga mlango.

Mama, nilijua nimekwisha. Nimeangusha mti wa marehemu mbele ya mjane wake, na fomu yangu iko juu ya friji yake!

Kesho yake asubuhi nikakuta mlangoni kwangu sahani ya keki imefunikwa kitambaa, pembeni bahasha. Nikaitazama ile bahasha bila kuigusa. Nikajua tu, hii ni notisi ya kunitoa nyumbani, na keki ni ya kunilainisha. Nikaisukumia chini ya godoro bila kuifungua. Nilijiambia kwamba barua ambayo hujaisoma haiwezi kukufukuza. Usicheke.

Na keki? Wewe mwenyewe ulitulea hivyo: mtu uliyemkosea jana akikuletea chakula leo, jiulize kwanza. Nikawamwagia ndege kwenye ukingo wa dirisha, nikakaa kuwachungulia kama watakufa. Hawakufa. Jumamosi iliyofuata ikaja keki nyingine, ndege wakaja na ndugu zao. Kila Jumamosi keki, kila nikishuka ngazi tabasamu. Tabasamu la nini? Nikawa natoka kwa kunyata, viatu mkononi, kama mwizi kwenye nyumba ninayoilipia kodi.

Wakati huo huo baridi ikaanza kulegea. Sikuiamini. Jua la hapa lina tabia ya kutoka saa moja, uvue soksi ya pili, halafu lirudi ndani likucheke. Lakini kulikuwa na vitu, Mama, na kwa kuwa uliniuliza nitavitaja. Maji yalianza kudondoka kutoka kwenye paa, nikalala nayasikiliza kama mvua ya bati letu. Maua meupe madogo yalitokeza kando ya njia wakati barafu haijaisha. Mzee mmoja kazini, aliyekuwa ananifukuza kila nikija kumwogesha, siku moja aliniita jina langu, Tumaini, akalitamka lote sawasawa. Nikamuuliza mwenzangu kama mzee ana homa. Hakuwa nayo. Nikasema asante Mungu, kwa sauti ndogo, nisije nikasikika halafu nikanyang'anywa.

Ila kila asubuhi nilipita kwenye kile kisiki na kukwangua gome kwa ukucha, natafuta kijani. Miti mingine yote ya mtaa ikaanza kutoa vichipukizi. Changu hakikutoa hata kimoja. Kikavu, Mama. Kumbe mti ule si wa ukoo wa kahawa, ukishaukata hivyo ndiyo basi. Elimu ya Baba ilivuka bahari ikaenda kumwaibisha mwanawe.

Zikabaki siku nne miadi yangu ya ofisi ya wageni, wanakotoa vibali, ifike, na sina fomu. Nikaona bora nikakiri. Na kuomba msamaha huendi mikono mitupu, kwa hiyo nikachukua ile kahawa yetu uliyonikaangia na kunitwangia, niliyokuwa naibania kama dawa, nikagonga mlango wa jikoni.

"Bi Helga," nikamwambia, "nimekuja kwa ajili ya mti wa mzee. Nilifikiri utachipua. Kwetu inachipua. Nimeuua. Naomba unisamehe, na ukitaka niondoke nitaondoka, lakini nisainie fomu kwanza."

Akaanza tena: akaziba mdomo, mabega yakatetemeka. Mama, alikuwa anacheka! Anacheka mpaka machozi, kama alivyocheka siku ile, nami nilidhani ni kilio.

"Tumaini," akasema, "kaa. Angalia jikoni."

Ndipo nikaangalia. Jua lilikuwa limejaa humo ndani, mezani, sakafuni, mpaka kwenye masufuria. Akaniambia mumewe aliupanda mti ule bila kumuuliza, na ulipokua ukameza dirisha. Miaka thelathini amepika kwa taa mchana. Mumewe alipofariki akaona aibu kuukata, watu wangesema nini? Akawa anaomba watu wapunguze kidogo, kidogo, na kila mmoja akapunguza kidogo.

"Wewe peke yako ulifanya nilichotaka," akasema. "Nimekuokea keki kila wiki. Hukuzipenda? Na bahasha hukufungua?"

Nilipanda ngazi mbio, nikainua godoro. Fomu yangu ilikuwa humo, imesainiwa tangu ile asubuhi ya kwanza, na kipande cha karatasi: "Asante kwa jua." Wiki saba nimelalia kibali changu, Mama, huku nikimwogopa aliyenipa. Nikashuka nikamwambia ukweli kuhusu keki na ndege. Nikampikia kahawa ya Igamba, akanywa vikombe viwili, na mimi nikala keki ya watu kwa mara ya kwanza. Ni tamu. Bado namwangalia kidogo, siwezi kukudanganya. Lakini nakula.

Ofisini walinipokea vizuri mpaka nikawashuku nao. Msalimie dada Edina na umwambie asikate kahawa ya shamba la juu bila kuniuliza. Msalimie shangazi mkubwa, mchungaji wetu, na mjomba wa Galula na pikipiki yake mbovu. Watoto wa kaka wapate busu kila mmoja, asirukwe hata yule mtundu.

Sasa sikia nililoogopa kulisema kwa spika. Kibali wamenipa, miaka miwili mizima. Nilitoka pale nikiruka kwa furaha, nikafika kituo cha basi nikakaa chini nikalia, watu wananiangalia. Nilichokuwa nakitafuta kwa miezi yote hiyo, Mama, ni ruhusa ya kukaa mbali nawe. Nashukuru, na inaniuma, vyote kwa pamoja. Meza hizo dawa. Nisubiri.

Mwanao,
Tumaini