Anayetufulia Nguo

Rosario, 4 Mei 1987

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, yuko zamu hospitalini.

Tarehe ishirini na tano shule itaadhimisha sikukuu ya taifa ya Mei kwa igizo la maisha ya kale. Mimi nitakuwa bibi tajiri mwenye upepeo. Wauza mishumaa, ambao enzi hizo walikuwa watu weusi, watapakwa masizi usoni, ndiyo maana mwalimu anataka vizibo vya chupa, vile vya gome laini, avichome. Tafadhali nitumie vya chupa zako za asali.

Marcela, ninayekaa naye dawati moja, anasema Ramona wa darasani kwetu peke yake hahitaji kupakwa. Humwita Makaa. "We Makaa, usiguse daftari langu, litaungua." Darasa zima hucheka. Nami hucheka, Bibi, maana asiyecheka huulizwa kwao ni wapi.

Mjukuu wako,
Griselda


Corrientes, 11 Mei 1987

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti lingali linauma, lakini linatembea. Nakutumia vizibo kumi na kimoja. Katika nyumba hii havijawahi kupaka uso wa mtu. Hapakuwa na haja.

Huyo Ramona ana jina. Mwite kwa jina lake. Kicheko ulichoniandikia sikukipenda.

Vazi lako jekundu nimelirefusha. Kumbuka nadhiri niliyoweka homa ilipokaribia kukuchukua, ukiwa na miezi minane: kila Januari utamchezea ngoma Mtakatifu Baltasari, yule mamajusi, mfalme wetu mweusi, mpaka utimize miaka kumi na mitano. Imebaki minne.

Goti likiniruhusu nitapanda basi nije nikutazame siku ya igizo lenu. Usimwambie mama yako, atanikataza.

Bibi yako,
Eustaquia


Rosario, 27 Mei 1987

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Je, ulifika salama? Goti linaendeleaje?

Nilikutafuta walipokuwa wakimimina chokoleti ya moto, ukawa umekwisha kuondoka. Mama amenuna kwa kuwa hukupita nyumbani. Nimemwambia uliwahi basi.

Ukumbini palikuwa na kelele nyingi. Huenda hukusikia vizuri mambo yaliyokuwa yakisemwa. Niandikie upesi.

Mjukuu wako,
Griselda


Corrientes, 15 Juni 1987

Griselda,

Sijambo. Nilifika salama, na nilisikia vizuri.

Marcela wako aliuliza, "Gri, kale kabibi keusi kanakupungia mkono. Ni wa kwenu?"

Ukajibu, "Ah, huyo anatufulia nguo tu."

"Afadhali. Nilidhani tumepata Makaa wa pili."

Ukacheka, ukajipepea.

Ramona ndiye aliyeniletea kiti, uso wake ukiwa umepakwa masizi juu ya weusi wake mwenyewe. Vizibo vilikuwa vyangu. Aliniuliza, "Bibi, umekuja kumtazama nani?" Nikamwambia kwamba nimekosea shule.

Kufua sikuonei haya. Nilifua nguo za watu miaka ishirini ili mama yako asomee uuguzi.

Eustaquia,
anayewafulia nguo


Rosario, 12 Januari 1988

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hii ni barua ya sita tangu uliponiandikia Juni. Tano zilizotangulia hukuzijibu.

Katika ya pili nilikueleza kwamba niliwaambia darasani wewe ni nani kwangu. Marcela alihamia dawati jingine siku hiyo hiyo. Makaa wa pili ni mimi sasa. Nakaa na Ramona. Hajaniambia kwamba amenisamehe, ila hunisogezea nafasi.

Tulipokuja wiki iliyopita kwenye sikukuu ya Baltasari, nililikuta vazi kitandani, limepigwa pasi na kukunjwa. Ulinifunga kamba zake mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kukuomba radhi kwa mdomo, lakini mikono yako ilikuwa na haraka.

Katikati ya ngoma mama mmoja mgeni alikuuliza, "Mama Eustaquia, binti huyu anayecheza vizuri hivi ni wako?"

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenu. Nilipunguza kishindo cha miguu nisikie. Ulijitanda shali yako upya. Kisha ukasema, "Ni mtoto wa nadhiri."

Hukusema uongo. Nilicheza mpaka mwisho, na sikulia mpaka basi lilipokuwa limetoka mjini.

Imebaki miaka mitatu, Bibi. Kila Januari nitakuja, nitacheza karibu nawe pale pale, nami nitangoja mtu akuulize tena.

Mjukuu wako,
Griselda