Mkuki Niliokutumia kwa Simu

Mugutha, Ruiru.
Jumanne, 10 Februari 2026.

Mpendwa mpwa wangu Zacharia,

Pokea salamu zangu mimi khocha wako, kaka wa mama yako, pamoja na za nyumba yangu yote. Hujambo? Ile miguu iliyokuwa ikikuvimba kwa kusimama getini huko ugenini kwa saa kumi na mbili mfululizo, imepona? Unakula? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa Beth mke wangu aliyeshikwa na mafua, na bado anaongea kunishinda mimi niliye mzima. Mama yako Nekesa nilimwona Jumapili kule Kiganjo. Kibanda chake cha mboga kimepata paa jipya na hajambo kabisa.

Usishangae kupata karatasi. Barua hii inaletwa na Nadira, binti ya jirani yangu, anayefanya usafi hospitalini katika mji huohuo wako. Alikuja likizo na anarudi Alhamisi. Simu siiamini tena. Kila nikikupigia nasikia mtu wa pili karibu nawe, nawe unajibu "sawa, sawa" tu, hata nikikuuliza habari za mpira. Zacharia, nina hofu, na sikumbuki kama nimewahi kukuambia neno hilo.

Kazi yangu ni ileile. Shule zimeniagiza mikuki thelathini na ngao kumi na mbili za tamasha la muziki, mti na bati kama kawaida. Mwalimu mmoja wa hapa Ruiru alikuja kunionya: "Fundi, hizi ncha fanya butu kabisa. Mwaka jana mtoto alitobolewa sketi, mamake akanikalia ofisini siku nzima." Hiyo ndiyo vita ninayoijua mimi. Nataka ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Mwezi jana uliniambia kwamba mkataba wako wa ulinzi umekwisha, na kuna bwana atakayewapeleka nchi ya baridi kulinda maghala. Ukasema mtafundishwa bunduki wiki mbili kwanza, na safari ni tarehe ishirini. Mtu mwenye akili angeuliza ghala gani hilo linalohitaji mafunzo ya bunduki. Mimi nilifurahi. Niliushusha ukutani mkuki wa babu yetu, nikaupiga picha, nikakutumia na maneno yangu ya kishujaa: "Simama kama wazee wako. Sisi hatugeuzi mgongo." Ukanijibu kwamba damu yetu ni ya vita. Beth alipousoma ujumbe huo aliilaza simu kifudifudi mezani akaenda kulala.

Wiki iliyopita Waithira, anayeuza chapati mkabala na karakana yangu, aliuona ule mkuki akauliza habari zake. Nilimsimulia kwa majivuno mpaka nikafika kwako. Akaweka mwiko chini.

"Huyo wako ameambiwa training ni wiki mbili?"

Nikasema ndiyo.

"Kijana wangu pia waliambia yeye hivyo. Kulinda store. Halafu akanitumia voice note moja, anasema wamepelekwa mbele, kwa vita. Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi."

Nikamuuliza amefanya nini tangu wakati huo.

"Nangoja. Sina simu, sina maiti. Matanga nitafanya ya nini, baba?"

Chapati zake ziliungua siku hiyo na hakuzigeuza. 

Basi nimekuwa nikiwaza upya hadithi nilizokulisha. Nilikusimulia wazee wetu walivyosimama ndani ya ngome ya Chetambe na mikuki yao, nikaishia kwenye kusimama. Sikukuambia vya kutosha kilichofuata. Bunduki za Wazungu za kumimina risasi ziliukuta ukuta wa udongo, na watu wakafa mahali walipojifungia wenyewe. Walipokuwa wakimshinda adui, walimshinda vichakani, kwenye njia walizozijua, na kila mmoja alijua nyuma yake kuna ng'ombe wa nani na watoto wa nani. Wewe huko utalinda ng'ombe wa nani? Utamwita nani kwa lugha gani ukianguka? Mkuki si wa kumuuzia kila anayeuliza bei.

Sasa nisikilize. Usitie sahihi. Kama umeshatia, usipande gari lao. Toka mchana, ukisema unakwenda kununua mkate, bila begi. Nadira anatoka zamu saa nane kila siku na atakungoja kwenye lango la hospitali. Jina la hospitali na namba yake viko nyuma ya karatasi hii. Atakupeleka ubalozini. Pasipoti kama wanayo, waachie. Utapewa karatasi ya kukufikisha nyumbani, na nguo tutanunua nyingine.

Mama yako hajui. Anawaambia wateja wake kwamba unakwenda kuendesha mashine ya kupakia mizigo, nami nasimama hapo nikiitikia kwa kichwa. Naona aibu, Zacharia. Sijui nitamwambia nini ukipanda gari lile.

Najua pia kwamba pasipoti haitakuzuia, aibu ndiyo itakayokuzuia. Agosti ile ya 2014, ulipotahiriwa, mimi ndiye niliyekuvika nyama ya fahali shingoni, nikakuambia ukitikisika mbele ya kisu usirudi kwangu. Ulisimama na tope lako la mtoni mwilini, hukupepesa jicho, na watu wa kwetu Misikhu wakanisifu kana kwamba nimekatwa mimi. Tangu siku hiyo umelibeba neno langu. Hakuna mwingine anayeweza kulifuta, si mama yako wala mchungaji, kwa hiyo nalifuta mwenyewe mbele ya Beth anayeniona nikiandika. Kimbia. Ukiulizwa ni nani aliyekuruhusu, sema ni khocha. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio nimekiona kwa Waithira. Wakikucheka hapa Mugutha nitawaletea viti.

Beth anakusalimu sana na anasema ukisoma hapa uwe umeshavaa viatu. Mama yako anakusalimu bila kujua kwa nini naandika. Msalimie Nadira na umshukuru. Wele Khakaba, Mungu wa wazee wetu, akutangulie mlangoni, na afumbe macho ya walio nyuma yako.

Mimi nikupendaye, ninayekungoja urudi ukiwa mwoga mwenye afya njema,

Khocha wako,
Mukhwana.