Nyuki Wameingia kwenye Sanduku

Igalula, Jumapili

Wameingia! Tangu masika Mjomba Maganga ananicheka kwamba nyuki hawakai kwenye sanduku la mbao. Kwake mzinga ni wa gome la mti, ndivyo walivyofanya mababu. Lakini kila mzinga wa gome unaua mti mzima, na msitu wenyewe unaisha.

Nilichoka kubishana naye. Nikalipaka sanduku langu nta ya kuwavuta nyuki, vilevile babu alivyopaka mizinga yake.

Leo nimempeleka akalione. Akatega sikio, nyuki wanavuma ndani.

“Haya mama, umeniweza,” akasema. “Nitengenezee na mimi.”

Nilimeza vigelegele kwa heshima. Nimekuja kuvipigia nyumbani.

Tukirudi tuliupita mti wa myombo aliouwekea alama ya panga ili kesho auchune gome. Hakuutazama. Mimi niliupapasa kama ng'ombe aliyenusurika kuchinjwa.