Jina Langu Kwenye Chupa ya Watu

Jumamosi. Mvua imeshika Bukoba tangu asubuhi, ziwa halionekani, na nimekasirika hata chai nimeiacha ipoe.

Leo Ta Rwegoshora, msimamizi wetu, ameniwekea karatasi mezani. Imeandikwa kwamba mimi, Kamugisha, kwa uzembe wangu, nilibandika lebo ya dawa ya kikohozi kwenye chupa ya dawa ya kuchua. Nitie sahihi Jumatatu, la sivyo nisikanyage tena kiwandani.

Mawe! Uzembe wangu?

Nimo humo tangu kiwanda kikiwa chumba kimoja nyuma ya duka, hapa Miembeni. Tulianza kwa kuyeyusha nta ya nyuki na kutengeneza marhamu ya misheni. Kisha wakaja wenye maduka makubwa ya pwani: sisi tupike, tujaze chupa, wao watuletee lebo zenye jina lao. Tukapata mapipa, tukapata jengo la mabati. Lakini chupa yenye jina letu haijawahi kutoka mlangoni hata moja. "Jina la nini?" Ta Rwegoshora husema. "Jina halimponyi mtu."

Gundi nzuri ilipoacha kuja, yeye ndiye aliyesema tukoroge uji wa muhogo. Nilimwambia kwa adabu, "Waitu Ta, mzee wangu, mende watakula." Akanicheka mbele ya wote. Mende wakala kweli. Kila asubuhi tulikuta lebo zimetapakaa chini ghalani, na chupa zote ni za kahawia. Akaleta kikapu, akaamuru tutambue dawa kwa kunusa. Tukaokota lebo, tukafungua vizibo, tukanusa, tukabandika upya.

Tukanusa! Na dawa zote mbili zina mafuta ya mikaratusi.

Hata mimi nilinusa. Siwezi kujidanganya humu daftarini. Wiki ile nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, na bado nilinusa nikabandika, kwa sababu sikutaka kuchekwa tena.

Chupa moja ikafika Izigo, kwa mama yangu mdogo, Ma Koku, aliyenilea mama alipofariki. Alikunywa vijiko viwili, kama lebo ilivyosema. Jana nilimkuta hospitali ya misheni, midomo imebabuka, hawezi kumeza hata mchuzi wa ndizi. Aliponiona alinong'ona kwa shida, "Mwanangu, ni ile mnayopika ninyi. Ndiyo maana niliinunua."

Mimi ndiye niliyemsifia dawa hiyo.

Mke wangu anasema nitie sahihi, watoto watakula nini? Nimemjibu vibaya, naye hakukosea. Na kesho Ta Rwegoshora atakaa benchi la mbele kanisani, ataimba kuliko wote.

Miaka yote hii jina halikuwa kitu. Leo dawa imemuunguza mtu, ghafla jina linatafutwa, na ni langu peke yake. Thubutu!

Jumatatu nitatia sahihi, ila karatasi nitaiandika mwenyewe. Nitaweka uji wa muhogo, mende, kikapu, pua yangu iliyoziba, na aliyetuamuru kunusa. Nitaipeleka kwa daktari wa boma, kazi ikiondoka na iondoke.

Lakini kesho nakwenda hospitali kwanza. Wa kuisikia kabla ya wote ni Ma Koku, na nitaanza na jina langu.