Gari Lililolala Upande

Mjukuu wangu Nuru,

Salamu zikufikie ukiwa mzima. Nyanya yako hajambo, goti tu. Waniuliza kama umwendee fundi kwa ukali, kwani gari lako la springi za upepo, zile za mipira ya hewa, bado limelala kushoto hata baada ya yeye kulitengeneza.

Miaka ya sitini, nikiwa mwanafunzi wa kujifungia na vitabu, fundi Athmani alilirudisha gari la baba nyumbani kwetu, mtaa wa Ndia Kuu, baada ya kulipwa alibadilishe springi. Nikalipima kwa rula ya shule: kushoto kulikuwa chini. Mimi, niliyeona haya hata kuamkia wageni, nikasema mbele ya wazee barazani, "Springi hukubadilisha. Umemdanganya baba."

"Haya, mwanangu," akasema, akaligeuza gari papo hapo, likaelekea lilikotoka. Sasa likalala kulia. Njia ndiyo iliyoinamia mtaro.

"Leo rula imeingia mtaroni!" mzee mmoja akacheka.

Fundi hakucheka. "Amepima vizuri," akawaambia. "Pahali ndipo pabaya."

Sikumwomba radhi. Nilingoja haya iniishe, hata akafa.

Gari lako lipime penye usawa, matairi yakiwa na upepo sawa. Na kama umeshamtamkia fundi wako neno kali, mwendee leo umwombe radhi.

Babu yako