Bi Harusi Hauzwi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi, bila kuusahau mgongo wako, maana naona siku hizi nao umekuwa mtu wa tatu katika nyumba yenu. Natumaini ile dawa ya kuchua niliyokuletea inasaidia, na kwamba unaipaka kweli, si kuitazama tu kabatini ukitegemea mgongo upone kwa kuionea haya. Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia nikiinama, yananilalamikia tena nikiinuka, lakini maisha yangu yote ya kazi nilifundisha fizikia, na darasa lisilolalamika sijapata kuliona.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza maneno, na leo nina jambo la kueleza tangu mwanzo wake hadi mwisho. Tafuta mto uweke mgongoni, usome taratibu.

Unakumbuka kikao chetu cha mwanzo wa mwezi, pale sebuleni kwangu. Wewe ulikaa kwenye kiti cha marehemu shemeji yako, wifi akakaa karibu na dirisha, na mwanangu akasimama kama mtu anayekaribia kuhutubia. Mlisema gari langu limezeeka na mimi nimezeeka, na wazee wawili hawaachwi peke yao barabarani. Mwanangu alizungumza kwa ile sauti laini anayowatolea wateja wa benki wanaonyimwa mkopo. Akaeleza kuwa kwako kuna chumba cha uani kilicho tupu, kina kitanda na dirisha, na kwamba nyumba yangu inaweza kupangishwa. Wifi, Mungu ambariki, hakusema neno. Alitazama kucha zake.

Sikukataa kwamba mlikuwa na sababu. Gari langu, Bi Harusi kama wote mnavyomwita kwa vile kila asubuhi hatoki mpaka abembelezwe, alikuwa ameteremka kwenye mteremko wa lango langu huku mguu wangu ukiwa umekanyaga breki hadi chini, akaenda kuegemea ukuta wa jirani kama mlevi. Hakuumia mtu, matofali tu. Lakini wewe ndiye uliyepigiwa simu ya kwanza, na najua simu kama ile inavyomtisha mtu.

Ndiyo maana nilikubali masharti. Nilisema kwamba ubovu wa breki ni ubovu wa breki, si ubovu wa mwenye mguu. Nikasema nipeni mpaka mwisho wa mwezi. Nikimtengeneza kwa mikono yangu, akawaka na akasimama pale ninapomwambia asimame, nabaki nyumbani kwangu na funguo zangu. Nikishindwa, mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mnyororo wake, nami nifungashe masanduku nije kwenye chumba chako cha uani. Nilikupa mkono. Unanijua, nikishatoa mkono sirudi nyuma, hata kama nimeutoa kwa upumbavu.

Kabla hamjaondoka ulisema unakwenda uani kumuaga Bi Harusi. Ulikaa huko kitambo, peke yako. Nikajisemea moyoni kwamba mdogo wangu ana moyo laini tangu utoto.

Kesho yake nikaanza kazi, na hapo nikapata pigo la kwanza. Gari ambalo siku ya kikao lilikuwa bado linawaka, japo kwa kukohoa, sasa lilikuwa kimya. Stata ilizungusha injini vizuri tu, lakini hakuna moto uliotokea. Mwanangu, nilipomweleza, akamtuma fundi wa mtaani kwao, yule ninayemwita Fundi Kesho kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Alikuja, akasikiliza stata akiwa amesimama mbali kama anayeogopa kuambukizwa, akatangaza kwamba injini imekufa. Akaniambia kwa huruma kwamba Mama, hata binadamu huzikwa. Nilimjibu kwamba binadamu huzikwa baada ya mtu kumshika mapigo ya moyo, na yeye hata boneti hakuifungua. Akasema atarudi kesho. Sijamwona tena.

Nikaiacha injini kwanza nikashughulikia breki, maana kabla ya kumwamsha mwenye mbio, hakikisha unaweza kumsimamisha. Niliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikampiga jeki, nikatia na gogo chini yake, kwa kuwa jeki ni ya kuinulia, si ya kuaminia. Gurudumu la kwanza salama, la pili salama, la tatu nikakuta mafuta ya breki yametapakaa ndani kama mtoto aliyejimwagia uji. Mpira mdogo ulikuwa umechakaa. Ukikanyaga breki, nguvu ya mguu husafiri ndani ya mafuta hadi kwenye magurudumu. Mafuta yakipata njia ya kutorokea, nguvu nayo hutoroka. Basi. Kitu kidogo kuliko kifungo cha shati ndicho kilichotaka kunihamisha nyumbani kwangu. Nikabadilisha mipira yote, hata iliyokuwa mizima.

Baada ya hapo ni lazima kutoa hewa kwenye mabomba, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua na kufunga. Nikamwita jirani yangu, huyo huyo mwenye ukuta, nesi mstaafu wa wodi ya wazazi. Mimi nimelala chini ya gari nampigia kelele akanyage, ashikilie, asiachie, aachie sasa, tena. Ghafla nikasikia gari linatikisika; kumbe Nesi anacheka hadi machozi. Akasema maneno hayo ameyasema yeye maisha yake yote, hakudhani atafika siku ya kuambiwa yeye, tena na mwalimu aliyelala kwenye vumbi. Nikamwambia apumue na aendelee. Breki zilizaliwa salama. Sasa ukigusa tu, gari linasimama kama limeitwa jina.

Ikabaki injini. Naomba unifuate hapa, hata kama unajua. Injini ya petroli huomba vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche. Ikinyimwa kimoja, haiwaki. Kichujio cha hewa nilikitoa, nikakikung'uta, kilikuwa hakina neno. Nikachomoa mpira unaoingiza petroli kwenye kabureta, nikauelekeza kwenye chupa, nikamwambia Nesi apige stata, petroli ikaruka. Nikatoa plagi moja, ndiyo inayorusha cheche ndani ya injini, nikaishika kwa kitambaa kikavu, nikaiegemeza kwenye chuma. Nesi akapiga stata. Hakuna cheche. Basi nimepata njia. Nikarudi nyuma hadi kwenye koili inayozalisha ule umeme mkali, nikakuta cheche ya samawati inaruka inavyotakiwa. Kwa hiyo moto unazaliwa kwenye koili, lakini haufiki kwenye plagi. Unapotelea njiani. Na njiani pana kituo kimoja tu, distributa.

Nikafungua vibanio viwili vya kifuniko chake, nikainua. Rota haikuwemo.

Nilikaa chini, mdogo wangu. Unaijua rota: kile kipande kidogo, urefu wa kidole gumba, kinachozunguka ndani ya kifuniko na kuigawia kila plagi moto wake kwa zamu, kama mama anayepakua chakula bila kumruka mtoto. Haifi ikatoweka. Hailiwi na panya. Inatolewa na mkono.

Na mkono wa kwanza nilioushuku ulikuwa wangu.

Hapa ndipo sitaki uruke mstari. Nilitazama kile kifuniko. Injini nzima ilikuwa imevaa vumbi kama shuka, lakini kifuniko cha distributa kilikuwa kinang'aa. Mtu alikipangusa kabla ya kukirudisha. Nani anayepangusa kifuniko cha distributa? Fundi Kesho hapangusi hata mikono. Unakumbuka baba yetu alivyokuwa, kila alipolaza lori lake mahali asipopaamini, akiitoa rota na kuitia mfuko wa shati ili mwizi apige stata mpaka achoke. Na unakumbuka alivyotufundisha mimi na wewe kuitoa, na kofi jepesi la mkononi kwa anayerudisha kifuniko bila kukipangusa, maana unyevu hula moto. Waliobaki duniani wenye tabia hiyo ni wawili, na mmoja alikuwa amekaa kwenye vumbi akijitazama mikono.

Nikajiambia kwamba ni mimi. Nimeitoa, nimepangusa, nimeiweka mahali, nimesahau. Nikapekua mikoba, makabati, mitungi ya jikoni, mifuko ya makoti ya marehemu. Nikaanza kujipima: nikajitajia majina ya wanafunzi wa zamani, nikajihesabia jedwali la kuzidisha nikiosha vyombo. Nesi alipouliza kilichopotea nikamdanganya, kwa sababu niliona aibu. Nikatoa sanduku moja kutoka juu ya kabati, nikaanza kukunja nguo. Ndiyo. Nilikuwa nakuja, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshinda breki na kushindwa na kichwa changu mwenyewe, na mtu wa namna hiyo kweli hafai kuachiwa funguo.

Nilirudi kwenye gari kukifunga kile kifuniko tu, nisiache kazi wazi. Kibanio cha kulia kikawa kigumu. Nikavaa miwani, nikainama. Kulikuwa na uzi umenasa kwenye chuma. Uzi wa sufu, wa njano.

Mimi hupangusa kwa kitambaa, kama unavyojua. Baba alipangusa kwa pindo la shati. Wewe tangu utotoni hupangusa kila kitu kwa mkono wa nguo uliyoivaa, hata pua, na mama alikupigia kelele kwa hilo mpaka akachoka. Na siku ya kikao ulivaa ile sweta ya rangi ya ndizi mbivu aliyokufumia wifi, ambayo kwa mapenzi yote niliyo nayo kwake, hakuna mwingine duniani anayeweza kuivaa mbele za watu. Mwambie autazame ukingo wa mkono wa kulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii kilikuwa nguoni mwako wewe.

Nilirudisha sanduku juu ya kabati. Kesho yake mimi na Nesi tukapanda basi hadi kwa muuza spea za zamani, tukapekua magari yaliyokufa mpaka tukapata ndugu yake Bi Harusi, na ndani yake rota nzima. Nikaisugua kwa msasa laini, nikaivisha, nikapangusa kifuniko. Kwa kitambaa. Akawaka kabla Nesi hajamaliza kusema bismillahi.

Mnunuzi wa vyuma uliyemwagiza alifika akakuta nazunguka na Bi Harusi uani, nakwenda na kusimama, nakwenda na kusimama. Akauliza kama amekosea nyumba. Nilimwambia hapana, chuma chakavu kipo, nikampa vifaa vyote vya breki nilivyovitoa, na jembe lililovunjika kwa heshima ya safari yake.

Sasa sikiliza, maana sijakasirika kama unavyodhani. Nimekasirika kwa namna nyingine. Kama ungeniambia unaogopa, ningekujibu. Ningekwambia kwamba nimepimwa macho na miwani hii ni mipya, kwamba giza likiingia sishiki usukani tena, na kwamba nimeamua hivyo mwenyewe, hakuna aliyeniagiza. Hofu yako ningeipokea mlangoni kama mgeni. Lakini wewe hukuniletea hofu yako. Ulinichukulia moto kwa siri, ukaniacha nitafute kosa ndani ya kichwa changu. Kunizuia una haki ya kujaribu. Njoo unizuie usoni, tubishane mpaka chai ipoe. Kunifanya nijione nimepungukiwa akili ili nije kwako kwa hiari, hilo sikubali, na wala sitalikubali nikiwa mzee zaidi ya hapa.

Mwanangu sijamwambia, na sitamwambia. Hilo ni kati ya watoto wa baba mmoja. Lakini chumba cha uani kipangishe. Mimi siji kukaa.

Nakuja kutembea tu. Jumapili, mchana kweupe, kwa gari langu. Usinitumie mtu wa kunichukua, na usikae dirishani ukihesabu dakika. Mgongo wako hautaki hivyo. Tayarisha lile gari lako jipya unalolipeleka gereji hata likipiga chafya, nitakuonyesha kwa nini taa yako moja ya nyuma haiwaki. Niliiona siku ile mlipokuwa mnaondoka, nikanyamaza kwa adabu.

Nisalimie sana wifi. Mwambie kucha zake ni nzuri, lakini kikao kijacho aseme neno, kwa kuwa nilimwona anataka kulisema. Nesi anawasalimu wote, na anasema ukuta umemsamehe aliyeugonga.

Ndani ya bahasha nimekurudishia uzi wako, wifi aurudishe kwenye sweta. Rota usiitume kwa posta, itapotea. Iweke mezani niione nikiingia. Safari ndefu haifai kuanzwa bila ya akiba.

Ni mimi dada yako,
ambaye funguo bado anazo.